Kuomba kwa Adabu katika Kiingereza

Wako watu wengi wadhanio ya kuwa adabu yote ya Kiingereza imo katika neno "please". Shuleni mtoto huambiwa, "Ukitaka kitu, tia please," naye hutia, kama mtu atiaye chumvi mchuzini, akaona kazi imekwisha. Mimi naona fundisho hilo ni pungufu, tena lawadhuru vijana wetu wa Dongobesh waendao kutafuta kazi katika hospitali ya Haydom au katika mahoteli ya Karatu.

Tutazame kwanza lugha tuijuayo. Mtu mwenye adabu hasemi, "Nipe kalamu." Husema, "Naomba kalamu," ama, "Nisaidie kalamu," na mbele ya mkubwa hugeuza kitenzi: si "niletee", bali "uniletee". Neno tafadhali, lililotoka katika Kiarabu, si lazima kila mara, kwa kuwa adabu imekwisha kukaa katika kitenzi chenyewe. Basi kijana aingiapo ofisini huyachukua maneno yake na kuyavika nguo za Kiingereza. "Naomba kalamu" huwa "I beg a pen", na Mwingereza asikiapo "beg" humfikiri maskini wa njiani. "Nisaidie" huwa "Assist me", naye msikilizaji hungoja aonyeshwe mzigo wa kuinua. Kijana akiona haya, hurudi kwenye fundisho la shule: "Give me the key, please." Please imo, lakini maneno bado ni amri, na mkubwa wa kazi husema moyoni, huyu ni jeuri. Hivyo mtu mpole kabisa aweza kukosa kazi, naye hajui amekosa nini.

Mwingereza yeye huuliza. "Could I have the key?" "Would you mind closing the door?" Haulizi kama mwenzake ana nguvu za kufunga mlango, humwachia nafasi ya kukataa, ijapokuwa wote wawili wajua ya kuwa hatakataa. Mwalimu afundishaye "could" kuwa wakati uliopita wa "can", akaishia hapo, amefundisha nusu. Na hiyo "Would you mind" ina mtego: ajibuye "Yes" kwa kutaka kukubali, kumbe amekataa!

Wala wageni wote si Waingereza. Hospitali ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955 na wamisionari wa Kilutheri kutoka Norwe, na Kinorwe hakina neno moja lililo sawa na please. Mnorwe akiomba mkasi bila neno hilo, asihesabiwe kiburi. Naye Mwiraqw aliyejifunza Kiswahili shuleni, na Kiingereza baada yake, astahili uvumilivu ule ule.

Barua nazo zina ugonjwa wake. Katika serikali ya Waingereza barua zilifungwa kwa maneno "your obedient servant", nayo yalikuwa kama muhuri tu, hata mkubwa alimwandikia mdogo vivyo hivyo. Wenzetu waliyashika kwa bidii mno. Mpaka leo mtu aombaye likizo ya siku 3 hujaza nusu ya ukurasa kwa unyenyekevu, na karani husoma akitafuta shida iko wapi. Likizo iombwe katika mstari wa kwanza: "I would like to ask for three days' leave from Monday." Kisha sababu, kisha jina.