Dada, Mke na Maiti: Usawiri wa Mwanamke katika Antigone ya Sophocles na Kwenye Ukingo wa Thim ya Ebrahim Hussein

Uhakiki wa usawiri wa mwanamke katika tamthiliya ya Kiswahili umezoea kuuliza swali moja: je, mwanamke amechorwa kuwa jasiri au kuwa dhalili? Mhakiki hupitia matini, hukusanya maneno na matendo ya mhusika, kisha humweka katika kundi mojawapo kati ya hayo mawili. Martha wa Kwenye Ukingo wa Thim (1988) huingizwa katika kundi la kwanza bila mabishano, na Antigone wa Sophocles, kila anapotajwa kwa kulinganisha, huketishwa kando yake. Wote wawili wamesimama juu ya maiti ya mwanamume wakidai haki ya kumzika, na wote wawili wamekabiliana na wazee. Ulinganishi huo una ukweli, lakini unaficha jambo kubwa kuliko linaloonekana. Makala hii inashikilia kwamba swali la ujasiri halitoshi. Swali linalofaa kuulizwa ni hili: mwanamke anadai maiti kwa nasaba ipi, akiwa dada au akiwa mke? Jibu la swali hilo huwatenganisha wanawake hawa wawili, tena huwaweka pande zinazopingana.

Ni vyema kuanza na Athens yenyewe. Mwanamke wa mji ule katika karne ya 5 KK, hata alipokuwa binti wa raia, aliishi chini ya msimamizi wa kiume: kwanza baba, kisha mume, na akifiwa na hao, mwanawe au ndugu wa kiume. Hakupiga kura wala hakuongea mahakamani kwa kinywa chake. Baba akifa bila kuacha mtoto wa kiume, binti aliambatana na mali ya nyumba, na jamaa wa karibu wa upande wa baba alikuwa na haki ya kumdai amwoe ili mali isitoke katika ukoo. Katika hotuba ya mazishi ambayo mwanahistoria Thucydides anamwekea Pericles kinywani mwaka 431 KK, sifa ya mjane ni kutokuzungumzwa na wanaume, kwa wema wala kwa ubaya.

Hata hivyo kulikuwa na eneo moja ambalo desturi ilimwachia mwanamke, nalo ni kifo. Wanawake ndio waliomwosha maiti, wakampaka mafuta, wakamvika na kumlilia. Eneo hilo nalo liliwekewa mipaka. Sheria zinazohusishwa na Solon zilipunguza maombolezo ya hadharani, zikakataza wanawake kujikwaruza nyuso na kuimba nyimbo za kilio zilizotungwa, na zikaruhusu katika msafara jamaa wa karibu tu. Kwa hiyo, hadhira ya Athens ilipomwona Antigone jukwaani mnamo mwaka 441 KK, ilimwona mwanamke akifanya kazi iliyokuwa yake tangu zamani, lakini mahali na kwa sauti ambayo dola lilikwisha kuikata. Zaidi ya hayo, aliyekuwa ndani ya kinyago cha Antigone alikuwa mwanamume, kama walivyokuwa waigizaji wote. Sauti ya mwanamke ilisikika mbele ya umma kwa sharti kwamba mwenyewe asiwepo.

Msomaji wa Kiswahili alikutana na familia hii kwanza kupitia Mfalme Edipode, tafsiri ya Samuel Mushi iliyotoka mwaka 1971. Mwishoni mwa mchezo huo mabinti wa Oedipus huletwa mbele ya baba yao aliyejipofua, naye huwakabidhi kwa Creon. Hawasemi neno. Creon huyo ni kaka wa mama yao, yaani mjomba wao, na jambo hili lina uzito kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuliko kwa mhakiki wa Ulaya anayemwona Creon kuwa serikali tu. Katika Antigone, mtawala anayetoa amri kwamba Polynices asizikwe, aachwe nje ya mji awe chakula cha mbwa na ndege, ni mjomba mtu aliyekabidhiwa wapwa zake wawalee. Antigone anapomwagia maiti ya kaka yake udongo, anavunja amri ya dola, na pia anamkosea mlezi wake, ambaye ndiye baba wa mchumba wake Haemon. Creon naye analielewa hivyo: hasira yake inarudia mara kwa mara kwamba hatakubali kushindwa na mwanamke. Hoja ya usalama wa mji, aliyoanza nayo, inafifia kadiri anavyoongea.

Antigone hana wanawake wa kumwunga mkono. Korasi ni wazee wa Thebes. Ismene, dada yake, anakataa kushiriki kwa hoja kwamba wao ni wanawake na hawakuumbwa kupigana na wanaume. Baadaye anapotaka kushiriki adhabu, Antigone anamkataa. Wahakiki wengi humtumia Ismene kama kivuli cha kumng'arishia mwenzake. Usomaji huo si wa haki. Ismene anaeleza kwa usahihi sheria ya jamii yake, na kila alilolihofia linatokea.

Ndipo linapofuata lile fungu ambalo limewasumbua wasomaji kwa karne nyingi. Akiwa njiani kuelekea pango atakamofungiwa angali hai, Antigone anaeleza kwamba asingelivunja amri ile kwa ajili ya mume, wala kwa ajili ya mtoto. Mume akifa, anaweza kupatikana mwingine, mtoto vilevile. Lakini baba na mama wakiwa wamekwisha kwenda kuzimu, kaka hawezi kuzaliwa tena. Goethe alitamani ithibitike kwamba maneno hayo hayakuandikwa na Sophocles, kwa kuwa aliyaona yanamshusha shujaa. Lakini fungu hili ndilo ufunguo wa mchezo. Antigone hapiganii haki ya mwanamke, wala haki ya kila maiti kuzikwa na ampendaye. Anapigania damu ya tumbo moja dhidi ya ndoa, dhidi ya dola na dhidi ya kila uhusiano unaoweza kubadilishwa. Mke, kwa hesabu yake, ni mtu wa kuja.

Kwa mzani huo, hebu itazamwe kesi iliyomzaa Martha. Tarehe 20 Desemba 1986 alifariki jijini Nairobi wakili Silvano Melea Otieno, Mjaluo. Mjane wake, Wambui Otieno, Mkikuyu wa ukoo wa Waiyaki na mwanaharakati wa enzi za Mau Mau, alitaka kumzika Upper Matasia, karibu na Ngong, ambako walikuwa na shamba. Ukoo wa Umira Kager, ukiongozwa na kaka wa marehemu, Joash Ochieng' Ougo, ulidai azikwe Nyalgunga, Siaya, alikozaliwa. Wambui alitegemea ndoa ya kisheria, maisha ya kisasa waliyoishi na maneno ambayo marehemu aliyasema kuhusu maziko yake. Ukoo ulitegemea mila, na ulimwita mwanafalsafa Henry Odera Oruka kutoa ushahidi juu yake. Hoja iliyorudi tena na tena ilikuwa kwamba mwanamume Mjaluo anaweza kuwa na nyumba mjini, lakini hawezi kuwa na nyumbani huko; nyumbani ni kule alikowekwa rasmi na wazee wake. Tarehe 13 Februari 1987 Jaji Bosire aliupa ukoo ushindi. Mahakama ya Rufani ikaafiki mwezi Mei, na Otieno akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei, zaidi ya miezi mitano baada ya kufa. Mjane hakuhudhuria.

Ulinganishi wa kawaida humfanya Wambui, na Martha aliyetokana naye, kuwa Antigone wa Nairobi. Ukifuata nasaba badala ya ujasiri, Antigone wa kesi ile ni Joash Ougo. Yeye ndiye aliyedai mwili wa ndugu wa tumbo moja kwa jina la sheria ya wafu isiyoandikwa, akamwona mke kuwa mtu wa kuja. Lile fungu lililomchukiza Goethe lingeweza kusomwa na wakili wa ukoo mbele ya Jaji Bosire bila kubadilishwa sana. Wambui, kwa upande wake, alisimama pale ambapo Antigone hakutaka kusimama kamwe: alidai kwamba ndoa huzaa undugu wenye nguvu kuliko kuzaliwa, na aliiomba dola imlinde dhidi ya mila. Dola ikamkataa. Katika Thebes dola ilimnyima dada haki ya mila. Katika Nairobi dola ilitumia mila kumnyima mke haki ya ndoa. Njia ni mbili zinazopishana, lakini mwanamke ndiye aliyerudi mikono mitupu katika zote mbili. Linalofanana, basi, haliko katika tabia za wanawake hawa. Liko katika wepesi wa mamlaka ya kiume kuhama kutoka hoja ya dola kwenda hoja ya ukoo, kutegemea nani anadai.

Ubora wa Hussein uko hapa. Angeweza kuandika tamthiliya ya mahakama, maana mashahidi na mabishano yalikuwa yamekwisha kuchapishwa magazetini kila siku. Badala yake alichagua jina linalotoka katika Kijaluo: thim ni nyika, pori, mahali pasipo mji wala utaratibu wa watu. Martha na Herbert wanaishi ukingoni mwake. Swali ambalo jina hilo linaliacha wazi ni pori liko upande upi. Kwa ukoo, jiji ndilo thim, kwa kuwa mtu akizikwa huko amezikwa porini. Kwa Martha, thim ni nguvu ile inayoingia mlangoni baada ya mume kufa na kumgeuza mwenye nyumba kuwa mgeni. Mhakiki anayemsifu Martha kwa ujasiri tu hulipita swali hili, kwa sababu amekwisha kuamua pori ni la nani. Sophocles naye aliacha mpaka wake ukitikisika: maiti ya Polynices imelazwa nje ya ukuta, Antigone anafungiwa akiwa hai chini ya ardhi, na Tiresias anamwambia Creon kwamba amewachanganya wa juu na wa chini.

Jambo hili halihitaji kutafutwa mbali. Kwenye Ukingo wa Thim imekuwa miongoni mwa tamthiliya teule za Kiswahili kwa kidato cha tano na cha sita nchini Tanzania. Msalato, kaskazini mwa mji wa Dodoma kwenye barabara iendayo Kondoa na Arusha, kuna shule ya sekondari ya wasichana inayopokea wanafunzi kutoka mikoa mingi, na si mbali nayo unajengwa uwanja wa ndege wa kimataifa. Tangu uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma, na hasa tangu serikali ilipohamia kwa kasi kuanzia mwaka 2016, watu wa makabila yote wamejenga katika nyanda hizi zilizokuwa za Wagogo. Wamejenga nyumba. Mtumishi akifariki, jamaa hukutana, na swali la kwanza baada ya kilio ni lini anasafirishwa nyumbani. Kiswahili kimeubeba mgogoro mzima wa Nyalgunga na Matasia katika kiambishi kimoja. Binti anayesoma tamthiliya hii akiwa bweni moja na wenzake wa kabila kumi, na ambaye huenda ataolewa nje ya kabila lake, anasoma habari ya maziko ambayo siku moja yanaweza kuwa ya nyumba yake. Kumfundisha aorodheshe sifa za Martha kwa ajili ya mtihani ni kumpunja.

Sheria nayo inapaswa kutajwa. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 lilieleza kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto. Kanuni hiyo inahusu mali, si maziko, lakini mantiki yake ni ileile ya Antigone kuhusu mke. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua dhidi ya Tanzania katika shauri la wajane wawili wa Shinyanga walioondolewa katika mali za waume zao.

Inaweza kupingwa kwamba jamii za hapa hazikumnyamazisha mwanamke kama Athens. Kwa Wagogo, ngoma ya muheme hupigwa na wanawake wenyewe, hadharani, bila mwanamume kuvaa sura yao. Tofauti hiyo ni ya kweli na haipaswi kudharauliwa. Lakini kuwa na ngoma uwanjani si sawa na kuwa na neno katika kikao kinachoamua kaburi lichimbwe wapi. Wambui alijulikana nchi nzima, akahojiwa na kuandikwa kila siku, na bado akashindwa.

Limebaki jambo moja ambalo ulinganishi wa ujasiri hauwezi kuliona. Polynices alikuwa na mke. Hekaya inamtaja: ni Argia, binti wa mfalme wa Argos, na vita vilivyomuua Polynices vilipiganwa kwa jeshi la mkwewe. Sophocles anaigusa ndoa hiyo kwa nusu sentensi tu, Antigone akiilaani. Mjane mwenyewe hatokei wala hatajwi kwa jina. Ilibidi kungoja hadi karne ya 1 BK, pale mshairi wa Kirumi Statius alipomleta Argia usiku kwenye uwanja wa vita kumtafuta mumewe. Anamkuta kabla ya Antigone kufika. Dada anamkuta mgeni juu ya maiti ya kaka yake, anauliza ni nani, na baada ya kujibiwa, wanamwosha pamoja. Walinzi wanapowakamata, kila mmoja anadai mbele ya Creon kwamba kosa ni lake.