Kusomana na Kupashana: Uhakiki wa Istilahi za Kuunganisha Mifumo

Katika lugha ya kazi za Serikali ya Tanzania limezuka neno ambalo halikutoka mezani kwa waundaji wa istilahi, na ambalo hata hivyo limeyashinda maneno yao kwa kuenea. Neno lenyewe ni kusomana. Mifumo ya kompyuta ya idara mbalimbali, husemwa, haina budi isomane: wa kodi usomane na wa bandari, wa ardhi usomane na wa vitambulisho. Neno hili limesikika katika hotuba, likaingia magazetini, na sasa limo katika taarifa za ofisi. Lastahili kupimwa kwa mizani mbili: ya sarufi, na ya jambo lenyewe linalotajwa.

Jambo lenyewe ni hili. Idara au kampuni hujiwekea mfumo wake, nao una lugha yake na daftari zake. Hapo ndipo ulipozaliwa usanifu wa kihuduma, ambao mafundi wa kampuni ya Gartner huko Marekani waliueleza katika mwaka wa 1996, na ambao ulienea baada ya kupatikana kanuni za mawasiliano kama SOAP, ambayo toleo lake la 1.2 lilithibitishwa na jumuiya ya W3C mwaka 2003. Kwa usanifu huu kila mfumo hubaki na mambo yake ndani, ukafungua mlango mmoja unaojulikana. Anayehitaji jambo huja mlangoni na ombi lililoandikwa kwa namna iliyopatanwa. Hujibiwa aliloliuliza, naye hana haja ya kujua nyumba imepangwaje.

Faida yake yaonekana kwa hesabu ndogo. Mifumo 10 ikiunganishwa miwili miwili, viungo vinavyotakiwa ni 45. Ikiunganishwa kupitia kituo kimoja, vyatosha 10. Historia ya fedha za simu nchini ni ushahidi wa hatua hizo mbili. Mwaka 2014 makampuni ya Tigo, Airtel na Zantel yalianza kuruhusu fedha zivuke kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, na Vodacom ikaingia katika utaratibu huo mwaka 2016. Mapatano hayo yalikuwa ya wawili wawili. Baadaye Benki Kuu ya Tanzania ikaweka mfumo wa malipo ya papo kwa papo, TIPS, ambamo kila mtoa huduma hujiunga na kituo mara moja akawafikia wote.

Sasa na tulitazame neno. Kiambishi -an- chataka watendaji wawili ambao kila mmoja aweza kutenda na kutendewa kitendo kile kile: watu hupigana, hupendana, husaidiana. Lakini kinachosomwa kwa kawaida ni maandishi, nayo hayasomi. Kusomana basi hakutoki katika kusoma kitabu. Kwatoka katika matumizi mengine ya kitenzi hicho, ya kumsoma mtu, yaani kumchungua hata nia yake ijulikane. Ndiyo maana watangazaji wa mpira husema kwamba dakika za mwanzo timu zilikuwa zikisomana. Kila moja yaitafuta siri ambayo nyenziwe haikukusudia kuitoa. Hapo ndipo penye kasoro. Katika kusoma, mwenye mamlaka ni msomaji. Kinachosomwa hakina idhini ya kutoa wala kukataa. Katika usanifu wa kihuduma mambo ni kinyume kabisa: mwenye mamlaka ni anayejibu.

Tofauti hii si ya wanasarufi peke yao. Achukuliwe kwa mfano mkulima wa mwani wa Shumba, kaskazini mwa Pemba. Kilimo hicho kiliingia Zanzibar mwaka 1989, na leo malipo yake yaweza kumfikia mkulima kwa simu. Mama huyu akiambiwa kwamba mifumo yote sasa inasomana, ataelewa nini? Ataelewa, na kwa haki ya Kiswahili chake, kwamba wa kodi anamsoma katika simu yake, na wa simu anamsoma hospitalini. Huenda akaona salama yake ni kurudi kwenye fedha za mkononi. Hofu hiyo haikutokana na ujinga. Imetokana na neno. Nchi imekwisha kutunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo shabaha yake ni kwamba taarifa ya mtu itumike kwa jambo lililokusudiwa tu. Sheria yasema hivi, na neno la kila siku lasema vile.

Na huko huko Shumba dhana iliyo sahihi ni ya kale. Samaki wanapoletwa dikoni, mnunuzi huuliza, mvuvi huonyesha kilichomo tengani, bei hupatana. Hakuna anayefunguliwa nyumba. Pemba nzima yaijua pishi, kipimo cha vibaba vinne, ambacho wachumaji wa karafuu wamehesabiwa kwacho. Mwenye shamba na mchumaji hawana haja ya kujuana mambo ya ndani. Wanachohitaji ni kuafikiana juu ya pishi. Wanachokiita mafundi kanuni ya mawasiliano ni pishi, na kituo chao ni diko.

Kwa ajili hiyo neno linalofaa zaidi ni kupashana. Kiswahili kina usemi wake wa zamani wa kupashana habari, na ndani yake anayepasha ndiye mtendaji: huchagua la kupasha, wakati wake, na wa kumpasha. Kuulizana kwapungukiwa na jibu. Kujibizana kwaleta ugomvi. Kupashana kwachukua pande zote mbili bila ya kuivunja staha ya yeyote.

Istilahi za wataalamu nazo hazikusalimika. Kiolesura, neno lililotungwa kwa mahali ambapo mfumo hukutana na mtumiaji, lafaa pale penye kioo na macho ya kukitazama. Lakini mashine mbili zinapokutana hapana sura wala mtazamaji. Mlango ungelitosha, nao waeleweka na watu wote. Hatari kubwa zaidi ni ya kile kituo cha kupitishia ujumbe, ambacho kwa Kiingereza jina lake lafanana na la gari la abiria. Mfasiri mwenye haraka ataandika basi, na msomaji atangoje kituoni. Asili ya jina hilo ni neno la Kilatini lenye maana ya kwa wote; maana hiyo ndiyo ya kufasiriwa, wala si gari.

Huenda pakasemwa kwamba neno likishaenea halizuiliki, na kwamba kazi ya mwanaisimu ni kuandika yanayosemwa. Hoja hii ina nguvu, na kusomana kuna sifa ambayo istilahi nyingi zimeikosa: ni kufupi, ni kwa Kibantu, na hakukuhitaji kamusi ili kueleweka. Hapana sababu ya kulifukuza katika mazungumzo. Lakini lugha ya mazungumzo na lugha ya sheria, ya mikataba na ya fomu za wananchi si moja. Katika hizo za pili, neno lisilosema nani ana idhini ya kutoa nini ni neno pungufu, hata likipendwa namna gani.

Tangu mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, maneno ya kazi mpya yametafutwa zaidi mijini na katika vitabu vya kigeni. Whiteley alipochapisha uchunguzi wake juu ya lahaja na mashairi ya Pemba mwaka 1958, alionyesha kwamba kisiwa hicho chastahili kusikilizwa kwa nafsi yake. Funzo hilo halijachakaa. Mwenye kutunga neno la mfumo utakaopitisha fedha za watu wa Shumba afadhali alifikishe kwanza dikoni, aone litapokewaje, kabla ya kulitia katika sheria.