Sahani ya Bati Kabla ya Miwani: Kupiga Mbizi kwa Bei Nafuu Mwanza

Mtu mwenye likizo ya wiki moja na mfuko mwembamba akikuuliza akapige mbizi wapi, utamwambia Unguja, Pemba au Mafia. Hujakosea. Ila nauli ya kutoka Mwanza mpaka pwani, ukiongeza boti na mtungi wa hewa wa kukodi, inamaliza akiba kabla hajaona samaki hata mmoja. Ndiyo maana mimi na mpwa wangu tuliamua kuzamia huku huku kwetu, tukishukia kwenye mawe ya ufukweni, kwa miwani na mrija wa kupumulia tu. (Kuzamia majini, siyo kule kwa kupanda meli bila tiketi.)

Kifaa cha kwanza tulikitoa jikoni. Sahani nyeupe ya bati, ile yenye ukingo wa bluu, tuliitoboa matundu matatu kwa msumari, tukafunga jiwe chini na kamba juu, na kamba tukaipiga fundo kila nusu mita. Unaishusha upande wenye kivuli, unaifuata kwa macho mpaka ipotee, kisha unahesabu mafundo yaliyozama. Si ubunifu wetu. Padri Mwitaliano, Angelo Secchi, alipima uangavu wa bahari kwa sahani ya namna hiyo mwaka 1865, na watafiti wa maziwa wanaitumia mpaka leo.

Karibu na mjini, chini ya mawe ya Capri Point, sahani ilipotea kati ya fundo la kwanza na la pili. Mpwa wangu, ambaye damu yake bado inachemka, aliingia hivyo hivyo. Alinyoosha mkono mbele ya uso: kiwiko alikiona, vidole vikawa ukungu wa kijani. Alitoka baada ya dakika tano. Tangu siku hiyo tuna kanuni moja: sahani ikipotea kabla ya mita 2, miwani haitoki kwenye mfuko.

Maji haya hayakuwa hivi. Vipimo vya miaka ya 1920 kwenye maji ya wazi ya ziwa vilikuwa zaidi ya mita 5. Kilichofuata wavuvi wa Kirumba wanaweza kukusimulia bila kitabu: mashamba yalipanda vilima, udongo na mbolea vikashuka na mito, maji taka ya miji yakaongezeka. Nitrojeni na fosforasi ni chakula cha mwani, na mwani ndio ule ukungu wa kijani. Sangara naye, aliyepandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, aliwala furu kwa mamia ya spishi, na wengi wa furu hao walikuwa wakila mwani na mabaki yake.

Furu waliobaki ndio sababu ya kujisumbua na sahani. Kwenye mawe ya visiwa vya Ghuba ya Mwanza wapo wawili wa jenasi moja ambayo jina lake la kisayansi ni neno letu wenyewe: Pundamilia. Mmoja ni Pundamilia pundamilia, dume lake la bluu na kijivu, anayekaa juu juu. Mwenzake ni Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu mwaka 1985, mgongo mwekundu, ubavu wa njano, mistari myeusi imeshuka wima, na makazi yake yako chini zaidi. Majike wa wote wawili wamepauka, na humchagua dume kwa rangi yake.

Pwani ukishuka, rangi inayokufa kwanza ni nyekundu. Ndiyo maana kila kitu cha chini kinaonekana cha bluu. Kwenye maji yetu yenye mwani na tope ni kinyume: bluu inazimika karibu na uso, na mwanga unaobaki chini unaelekea njano na wekundu. Samaki mwekundu chini huko anaonekana. Wa bluu anapotea. Ole Seehausen na wenzake walilinganisha visiwa vya huku kwetu katika makala iliyotoka kwenye jarida la Nature mwaka 2008. Makobe, ambako sahani huonekana zaidi ya mita 2, bluu na wekundu ni spishi mbili mbalimbali. Luanso, ndani ya ghuba, ambako sahani hupotea kwenye nusu mita, mpaka huo haupo, samaki ni mchanganyiko mmoja. Jike hawezi kuchagua rangi asiyoiona. Mimi nilidhani maji machafu yanamkera mzamiaji peke yake.

Kwa hiyo hesabu ya bajeti inageuka. Miwani yetu ni ya mtumba, mapezi ya miguuni tuliazima. Fedha yote iliyobaki tuliiweka kwenye mafuta ya mtumbwi wa injini, kwenda kwenye visiwa vya mawe vilivyo nje, kuelekea ziwa wazi. Ukifika unashuka kwenye jiwe na kuingia polepole kama mtu anayeoga. Saanane iko karibu zaidi, lakini ile ni hifadhi ya taifa tangu 2013. Ukaangalie swala na pimbi, maji yake yaache.

Sasa yale ya kiufundi ambayo mtu aliyejifunzia Zanzibar anaweza kuyasahau. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya Mwanza ni nyepesi. Pwani shinikizo linafika mara mbili ukishuka mita 10. Hapa ni kwenye mita 9 hivi. Kwa mwenye mrija hilo si kitu. Kwa mwenye mtungi, jedwali la kupandia alilokariri pwani halimfai, atumie la miinuko. Tena maji baridi hayabebi mwili kama ya chumvi: mtu ambaye pamoja na vifaa vyake ana kilo 80 apunguze risasi za kiunoni kwa kilo 2 hivi.

Kichocho ni suala gumu kuliko hayo yote, na watu wengi wanalichukulia kimzaha. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono kukiwa na mwanga, vikizidi jua linapopanda, na kupenya ngozi kwa dakika chache. Kukwepa majani na kuingia asubuhi mapema kunapunguza hatari, hakuiondoi, kwa sababu konokono wa ziwa hili wanaishi hata kwenye mchanga ulio wazi. Kujisugua kwa taulo si kinga. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, haimalizi ile michanga, hivyo ukimeza siku ile ile umejidanganya. Sisi tunapima baada ya miezi miwili.

Mamba na viboko hatuwapimi kwa sahani; tunawauliza wavuvi wa kisiwa husika, na wakikunja uso tunarudi. Wao pia ndio wanaojua nyavu zilikotegwa. Wavu wa nyuzi nyembamba kwenye maji ya kijani hauonekani mpaka umekushika mguu, kwa hiyo kisu kidogo kinakaa kiunoni. Dumu tupu la njano la lita 5 linaelea juu likiwa limefungwa kamba, ili mwenye injini ajue chini kuna mtu. Na hatushuki wawili kwa pamoja: mmoja chini, mwingine juu ya maji akimwangalia. Kupumua haraka haraka kabla ya kushuka, ili ukae zaidi, ni marufuku kwetu. Mwili unachelewa kukuonya na unazimia ukiwa chini.

Nyererei mwenyewe nilimwona mara ya tatu tuliyoenda, kwenye mita 3 hivi, akimfukuza mwenzake kuzunguka jiwe. Sekunde kumi, labda kumi na mbili. Anayetaka kumwona aanze na kamba na sahani, na tafadhali aandike mafundo, tarehe na mahali kila anapopima. Sisi tunayo daftari ya aina hiyo, lakini ina kurasa mbili tu.