Umbo Bila Maana: Uhakiki wa Nyaraka za nba_api kuhusu Vikosi vya Watano katika Mpira wa Kikapu

Nyaraka za matumizi ya programu kwa kawaida huchukuliwa kuwa maandishi ya kiufundi yasiyohitaji uhakiki wa kilugha. Mtazamo huo unapwaya pale msomaji wa nyaraka anapokuwa si binadamu pekee, bali pia wakala wa akili unde, yaani programu inayosoma maelezo ya zana, kuchagua ombi la kutuma, kisha kumjibu mtumiaji kwa lugha ya kawaida. Sehemu hii inahakiki nyaraka za nba_api, maktaba huria ya lugha ya Python inayochota takwimu kutoka tovuti ya NBA, hususan ukurasa wa LeagueDashLineups unaohusu vikosi vinavyokuwa uwanjani kwa pamoja. Uhakiki unaongozwa na kanuni za ushirikiano za Grice (1975), hasa kanuni ya wingi na kanuni ya namna.

Ubora wa nyaraka hizo uko katika umbo. Kila kigezo cha ombi kimewekwa katika jedwali linaloonyesha jina lake, ruwaza ya thamani zinazokubalika, iwapo ni cha lazima na iwapo kinaweza kuachwa wazi. Safu za majibu nazo zimeorodheshwa. Kwa wakala, mpangilio huu ni msaada mkubwa, kwani unamwezesha kutunga ombi lisilokataliwa.

Hata hivyo, ombi linalokubalika si lazima liwe ombi sahihi. Kanuni ya namna inavunjwa katika majina. Kigezo cha MeasureType kinaitwa measure_type_detailed_defense upande wa Python, ilhali hakihusu ulinzi pekee. Thamani yake ya kawaida, Base, huleta takwimu za msingi za kushambulia na kulinda. Vilevile, PlusMinus ni kigezo kinachopokea Y au N, na papo hapo PLUS_MINUS ni safu ya jibu inayobeba tofauti ya pointi. Jina moja linabeba dhima mbili, na ukurasa hautenganishi dhima hizo.

Kanuni ya wingi inavunjwa kwa ukimya. PerMode huruhusu jumla, wastani wa mchezo, dakika 48, dakika 40 au umiliki wa mpira mara 100, lakini ukurasa hausemi ni lini kipimo kipi kinafaa. Tuchukue kikosi kilichocheza dakika 4 na kuwazidi wapinzani kwa pointi 6. Kwa kipimo cha dakika 40 kikosi hicho kinaonekana kuzidi kwa pointi 60. Kwa dakika 48, pointi 72. Hesabu ni sahihi, ila hitimisho ni la kupotosha, kwa kuwa dakika 4 hazitoshi kupima chochote. Safu ya MIN ipo katika jibu, lakini hakuna sentensi inayomwelekeza msomaji aitazame kwanza.

Huenda ikadaiwa kwamba wakala tayari ana maarifa ya mchezo huu kutokana na maandishi mengi aliyofunzwa. Dai hilo lina uzito pale swali linapohusu NBA. Uzito huo unapungua swali linapotoka kwingine. Mwalimu wa michezo wa sekondari wilayani Wanging'ombe, anayeandaa timu kwa ajili ya UMISSETA, anafuata kanuni za FIBA: robo nne za dakika 10, si 12. Aidha, fomu ya karatasi ya FIBA huonyesha watano walioanza na huweka alama ya x pale tu mchezaji wa akiba anapoingia kwa mara ya kwanza. Dakika za mabadiliko yanayofuata haziandikwi. Kwa timu ya wachezaji 12 kuna vikosi 792 vinavyowezekana vya watano, na fomu hiyo haitoshi kueleza ni vipi vilicheza na kwa muda gani. Wakala asiyeambiwa chanzo cha takwimu anaweza kuahidi uchambuzi ambao karatasi za Njombe au Makambako haziwezi kuuzaa, au akatumia vigezo vya NBA kumshauri mwalimu amweke benchi kijana ambaye hajapimwa ipasavyo.

Kwa hiyo, upungufu wa nyaraka hizi ni wa kimaana zaidi kuliko wa kiufundi. Kila kigezo kinahitaji sentensi moja ya maana, kila kipimo kitaje kizio chake, na ukurasa utamke mipaka mitatu: ligi inayohusika, rekodi ya mabadiliko inayohitajika, na tahadhari kuhusu dakika chache. Binadamu anayeujua mchezo hujaza pengo la maelezo kwa uzoefu na husita anapotilia shaka. Wakala hulijaza kwa kukisia, na kisio lake humfikia mtumiaji katika lugha ileile ya uhakika inayotumika kueleza ukweli.