Ukuta Uliotoka Kwenye Kazi ya Boti

Marehemu mjomba wangu alikuwa fundi wa boti za faiba. Nikiwa kijana nilishinda naye bandani, puani imejaa harufu kali ya rezini, na mikono ikiniwasha kutwa kwa vumbi la nyuzi za kioo. Neno lake moja sijalisahau: ukiona kasoro kwenye boti usiilaumu faiba, kaikague kalibu. Sikujua kwamba neno hilo lingenifaa siku moja mbele ya jumba la makumbusho.

Jumba lenyewe ni Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya San Francisco, nchini Marekani. Sehemu ya kwanza ilisanifiwa na Mario Botta wa Uswisi, ikafunguliwa mwaka 1995. Nyuma yake, mwaka 2016, ilifunguliwa nyongeza ya ghorofa 10 iliyosanifiwa na ofisi ya Snøhetta, yenye asili ya Norwei. Uso wa mashariki wa nyongeza hiyo umevikwa vipande zaidi ya 700 vya faiba, vyeupe, vyenye mikunjo mithili ya maji ya ghuba yanapopulizwa na upepo. Vilitengenezwa na Kreysler & Associates, kampuni ya California ambayo mwanzilishi wake alitokea kwenye kazi ya boti. Nilijihisi kama mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini.

Kazi yenyewe mjomba angeitambua mara moja. Tofauti ni kwamba kalibu haikuchongwa kwa mkono. Mashine inayoongozwa na kompyuta iliichonga kwenye povu gumu jeupe, kama lile la masanduku ya kuhifadhia samaki. Ndani ya kalibu hutangulia tabaka la uso, nalo lilitiwa chembe za mchanga wa Ghuba ya Monterey ili ukuta umetemete jua linapohama. Hufuata nyuzi za kioo zilizoloweshwa rezini. Rezini ikishika, kipande hung'olewa. Ngozi yake ni nyembamba kuliko kidole, na faida yake kubwa ni huo wepesi: vipande viliweza kufungwa juu ya paneli za alumini za ukuta wenyewe, pasipo fremu ya pili ya chuma kubeba uzito wake.

Wapo watakaosema huu ni udanganyifu, plastiki inayojifanya jiwe. Siafiki. Hata tofali za Botta pale mbele, zinazoonekana nzito na za kale, ni gamba tu lililobandikwa juu ya vipande vya zege; kinachobeba jengo ni chuma. Tena mawimbi yale jiwe lisingeyakubali kwa urahisi. Faiba pale inafanya kinachoiwezekania.

Shaka ya pili ni moto, nayo si ya kupuuzwa. Mwaka 2017 jengo la Grenfell kule London liliwaka, watu 72 wakafa. Vazi lake halikuwa faiba, bali bati za alumini zenye plastiki katikati. Lakini funzo ni lile lile, kwamba vazi la jengo laweza kuwa njia ya moto. Ukuta wa San Francisco ulipitishwa kwanza katika jaribio la NFPA 285, ambalo huwasha moto halisi kwenye kipande cha ukuta wa ghorofa mbili na kutazama kama utapanda. Huo ndio uungwana wa kazi: kuuliza kabla ya kuvika.

Shaka ya tatu ndiyo iliyonishinda kuijibu. Mjomba alitoa boti nyingi kutoka kalibu moja. Hapo ndipo faiba ilipolipa. Pale karibu kila kipande kina umbo lake, na kalibu ya umbo moja haizai jingine. Ikishatoa kipande chake, kazi yake imekwisha. Na faiba iliyokwisha kushika haiyeyuki ikafinyangwa upya. Nyumba ya faiba ya kampuni ya Monsanto, iliyosimamishwa Disneyland mwaka 1957, ilipobomolewa mwaka 1967 lile tufe la chuma la kubomolea lilidunda tu. Ikabidi watafute njia nyingine ya kuivunja. Vitu vidumuvyo hivyo havifai kutengenezwa kwa pupa.

Hivyo basi, msomaji, nausifu ukuta ule bila kinyongo. Ni mzuri, na waliousanifu na waliouunda walisikilizana. Ila nisingependa uwe kigezo. Jumba kubwa la sanaa laweza kumudu kalibu ya kutumia mara moja. Shule au zahanati haiwezi, nazo pia zastahili kuta nyepesi na nzuri. Msanifu atakayechora mawimbi yake juu ya umbo moja au mawili, kisha akaligeuza na kulipanga mpaka jicho lisahau kwamba linajirudia, huyo ndiye ningependa kuiona kazi yake.