Dakika ya Tänak Pale Sleeping Warrior

Ott Tänak hakupaswa kusimama. Aliyeutazama mzunguko wa pili wa mkondo wa Sleeping Warrior katika mbio za Safari Rally nchini Kenya, raundi ya mashindano ya dunia (WRC), Jumamosi ya Juni 26, 2021, anajua kisa chenyewe. Mvua ilimwagika, kioo cha mbele cha Hyundai i20 kikashika ukungu kutoka ndani, na bingwa wa dunia wa mwaka 2019 akasimamisha gari katikati ya mkondo ili kioo kifutwe. Takriban dakika moja ikapotea. Kesho yake alimaliza wa tatu, sekunde 69.5 nyuma ya Sébastien Ogier na sekunde 47.7 nyuma ya Takamoto Katsuta. Hesabu ya nafasi ya pili haihitaji kalamu. Ya ushindi ni ngumu kidogo, ila siku ya mwisho ilikuwa na mikondo mitano, na Tänak asiyekuwa na deni la dakika ni mtu mwingine kabisa.

Mawakili wake husema hakuwa akiona kitu. Sawa, ila ukungu wa ndani hauzuki ghafla kama nyati. Watu wawili waliovaa mavazi mazito ya kuzuia moto wanatokwa jasho kwenye kijumba kidogo chenye joto. Mvua inakipoza kioo kwa nje. Unyevu wa pumzi na nguo unageuka matone kwa ndani. Ukungu huanzia pembeni na kutambaa kuelekea katikati, na huo muda wa kutambaa ndio muda wa kuamua. Unafungua njia ya hewa, unawasha kipulizio cha joto hata kama mnaiva, unamwachia mwelekezi kitambaa afute upande wako penye barabara iliyonyooka, unashuka gia moja na kutambaa. Ukitambaa kwa nusu ya kasi yako unapoteza muda, lakini kilomita zinaendelea kupungua. Ukisimama, kinachosonga ni saa peke yake. Halafu mvua ile haikumchagua yeye peke yake.

Madereva wa malori yanayopeleka shehena Kakuma, kaunti ya Turkana, wanaufahamu mtihani huu wa kioo, ingawa wengi hudhani Turkana ni jua na mchanga tu. Safari yao huanzia kwenye baridi. Ukitoka Kitale unapita Kapenguria na Kamatira penye mvua na ukungu, ndipo unateremka Marich hadi kwenye joto linalokupiga usoni kabla hujaiona Lokichar. Kioo hubadilika hali mara kadhaa katika safari moja. Kupaka sabuni kavu kwa ndani na kuisugua hadi isionekane ni ujanja wa zamani wa barabarani, usiohitaji mhandisi kutoka Ulaya. Hyundai walikuja kwenye mbio za Naivasha na wahandisi wa kutosha. Kwamba gari lao lilishindwa na pumzi za watu wawili ni aibu ya gereji kabla ya kuwa aibu ya dereva.

Lakini kosa la msingi lilikuwa kichwani. Tänak alikuwa akiendesha kila mkondo kama dereva wa Formula One anayesaka nafasi ya kwanza katika mzunguko wa kufuzu: breki dakika ya mwisho, gari linarushwa kwenye kona kabla kona haijafika, hakuna kinachobakizwa. Kwenye Formula mtindo huo una kinga yake. Mzunguko ukiharibika, unaachia mafuta, unarudi gereji, unavishwa matairi mapya, unajaribu tena. Kusimama ni sehemu ya kazi. Safari haina nafasi ya kujaribu tena.

Hata huko kwenye Formula, kufuzu na kushinda ni kazi mbili. Monaco mwaka 1988 Ayrton Senna alimpita Alain Prost kwa zaidi ya sekunde 1.4 katika kufuzu, wote wakiwa na McLaren ya aina moja, mzunguko ambao bado unasimuliwa. Jumapili akaongoza kwa mbali, akakigonga kizuizi peke yake, na Prost akashinda.

Ogier ni wa ukoo wa Prost. Linganisha gari lake na la Tänak yakiingia kwenye kona moja yenye mawe: Yaris yake huingia imenyooka, usukani unageuzwa mara moja, matairi ya nyuma hayapigi kelele. Ijumaa shoki ilimwangusha akapoteza muda mwingi, wala hakuingiwa na kichaa. Katsuta alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza kwenye WRC, kazi safi. Thierry Neuville alikuwa akiongoza hadi shoki ya nyuma ilipokufa kwenye mkondo wa Loldia Jumapili asubuhi, huyo alionewa.

Wazee wangeiendeshaje Sleeping Warrior ile? Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya, alishinda Safari mara tano: 1973, kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, akiwa na Datsun ambazo hakuna aliyeziita za kasi zaidi. Alijua kushindwa polepole mchana ili ashinde usiku. Joginder Singh alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva, na mwaka 1965 aliibeba Volvo PV544 hadi ushindi akiwa na nduguye Jaswant. Fundi husikia gari linalalamika kabla halijavunjika. Hata Colin McRae, ambaye kwingine alijulikana kwa kuyageuza magari juu chini, alipokuja Kenya alipunguza makali, akashinda mara tatu, ya mwisho mwaka 2002.

Na hapa safu hii inarudi kwenye ugomvi wake wa siku zote. Safari ya wazee ilikuwa maelfu ya kilomita. Hii ya 2021 ilikuwa na kilomita za mashindano zipatazo 320, karibu zote zikizunguka Naivasha na maziwa jirani. Tangu irudi WRC, hakuna mkondo uliovuka kuja Turkana. Wangeleta hata mmoja kati ya Lodwar na Kakuma, pembeni ya lami, kwenye laga, mito ya msimu yenye mchanga ambapo ukikanyaga breki umejizika mwenyewe, na ambapo mto Tarach ukifurika kwa mvua iliyonyesha mbali unasubiri upende usipende. Huko kusimama kungekuwa na maana. Waandaaji watasema ni mbali, hakuna hoteli, helikopta za televisheni zitakosa mafuta. Lakini waandaaji wa zamani waliiunganisha Nairobi na Kampala na Dar es Salaam.

Tänak alirudi Safari kila mwaka baada ya hapo. Mwaka 2024 aliliharibu gari siku ya Ijumaa. Mwaka 2025 alimaliza wa pili nyuma ya Elfyn Evans, kwa pengo la zaidi ya dakika moja, na mwisho wa msimu huo akaiacha WRC bila kuishinda Safari hata mara moja.