Hesabu ya Sinia

Mpishi wa karamu husifiwa watu wakishanawa mikono. Mimi nataka kumsifu mapema zaidi, karamu ikiwa bado wiki mbili mbele na hakuna kitunguu hata kimoja kilichomenywa. Shangazi yangu wa Matuga, upande wa Ng'ombeni, ndiye anayepanga chakula cha Idi cha ukoo wetu. Kwa miaka mingi nimekaa karibu naye nikimtazama akifanya sehemu ya kazi isiyotoa harufu wala moshi, na ambayo kwa sababu hiyo haionwi na mtu. Mapishi yake ni matamu sana, lakini nimefikia kuamini kwamba ustadi wake mkubwa uko kwenye kupanga.

Haandiki chochote. Huanza na watu, na watu wenyewe hawahesabu kwa vichwa, huwahesabu kwa sinia. Sinia moja ni watu wazima watano, au watoto saba. Akiuliza, "Sinia ngapi barazani?" anataka kujua mengi zaidi ya idadi. Sinia za barazani ni za wazee wa kiume, na nyama yake lazima ikatike kwa vidole kwa sababu meno si yale ya zamani. Za ndani ni za kina mama, ambao hula mwisho, kwa hiyo chakula chao ni lazima kiweze kungoja. Za uani ni za watoto, wakiwemo wale waliokulia Nairobi wasioweza pilipili, ndiyo maana jikoni kwake pilipili haiingii sufuriani. Husagwa na kuwekwa pembeni kibakulini, mtu ajitilie. Wakwe wana sinia yao, hawachanganywi na vijana. Na kuna sinia moja ya wenye sukari na presha, ambayo mama zake hawakuwa nayo. Hiyo ina chumvi kidogo, wali kidogo, mboga nyingi.

Sisi Wadigo zamani tulihesabu ukoo kwa upande wa mama, na ingawa mirathi leo hufuata sheria ya Kiislamu, kumbukumbu ile haijafutika. Wajomba wakija huketi mahali pa heshima, na shangazi hukumbuka kila mjomba anapenda nini. Mmoja hapendi mafuta kuelea juu ya mchuzi. Mwingine hajisikii amekula Idi bila mchunga, ile mboga chungu ya porini. Basi huwepo bakuli la mchunga katikati ya karamu ya nyama, na kwa maoni yangu ndilo linaloiokoa karamu nzima isilemee.

Kutoka sinia huingia kwenye kilo. Kilo moja ya mchele hupanda karibu mara tatu ikiiva, na yeye huweka robo tatu ya kilo kwa kila sinia ya watu wazima. Hadi hapo hesabu ni rahisi, ugumu uko kwenye sufuria kubwa. Mpishi mchanga hudhani kwamba wali wa kilo kumi ni wali wa kilo moja mara kumi. Sivyo. Maji hupotea kwa mvuke kupitia uso wa sufuria, na uso wa sufuria la kilo kumi haukui mara kumi. Ukizidisha maji kwa kumi utapata bokoboko. Shangazi hupunguza maji kadiri sufuria linavyokuwa kubwa, hupunguza karafuu na mdalasini pia, kisha huipa pilau muda mrefu zaidi chini ya makaa ya kupalia juu ya mfuniko. Nimemwona akisimama mbele ya sufuria tupu la kukodi asilolijua, akalizungusha, akagonga kitako chake kusikia kama ni chembamba, ndipo akasema ni vikombe vingapi. Hajawahi kunieleza kanuni hiyo kwa maneno, nimeielewa kwa kumtazama.

Idi mbili za mwaka humpa kazi mbili tofauti kabisa. Ile ya Mfungo Mosi, inayofuata Ramadhani, ina taabu ya mwezi. Ramadhani ni siku 29 au 30, na habari ya kuandama inaweza kufika usiku umekwisha kuingia, Kadhi Mkuu anapotangaza. Aliyekosea kupanga hujikuta ama na unga uliochacha ama na wageni wasio na chakula. Shangazi ameitatua taabu hii kwa namna ambayo kila nikiifikiria naona ni ya akili kubwa: siku ya 28 na ya 29, hakuna kinachoandaliwa jikoni kwake kisichoweza kugeuka futari. Mbaazi hulowekwa. Mwezi ukiandama, ni mbaazi za nazi za kuliwa na mahamri asubuhi ya Idi. Usipoandama, ni hizo hizo, pamoja na mihogo, za kufuturia kesho yake. Tambi vivyo hivyo. Unga wa mahamri ndio haukandwi mpaka mwezi utangazwe, kwa sababu ukishaumuka haurudi nyuma. Lakini iliki imekwisha kutwangwa, sukari imekwisha kupimwa, nazi zimekwisha kufuliwa na zinangoja mbuzi tu. Usiku ule, nyumba nyingine zinapokimbizana na duka la mwisho lililo wazi, kwake watu wanakaa na kukanda.

Vitu vikavu hununua Shaaban, kabla bei za Ramadhani hazijapanda: mchele, sukari, bizari nyembamba, pilipili manga. Vitunguu na viazi hufuata katika kumi la mwisho, kutoka Kombani. Nazi hukwewa siku chache kabla. Na gunia jipya la mchele likifunguliwa, kipimo cha kwanza hakiendi sufuriani. Ni zaka ya fitri, pishi moja kwa kila mtu wa nyumba, karibu kilo mbili u nusu hadi tatu, na sharti iwafikie wenye haki kabla ya swala ya Idi. Huipima yeye mwenyewe na kuiweka mlangoni, kwa maana katika mpango wake jirani asiye na kitu naye ana chakula cha kuiva siku hiyo, na kiive kwa wakati.

Idi ya Mfungo Tatu, ile ya kuchinja, haina taabu ya mwezi. Ni siku ya kumi ya mwezi, kwa hiyo tarehe hujulikana mapema. Taabu yake ni kisu. Mnyama wa kuchinja hachinjwi ila baada ya swala, na hapo mchana hauko mbali. Mpangaji anayeahidi pilau ya nyama hiyo saa saba mchana anajidanganya, kwa sababu nyama ya mbuzi aliyechinjwa saa hiyo hukaza, misuli hujivuta na kuwa migumu kwa saa kadhaa kabla haijalegea. Hapa ndipo chakula cha jioni kinapozaliwa. Mchana kwake ni maini na figo, ambavyo havihitaji kungoja, vya kukaanga na vitunguu na ndimu, na supu ya mifupa kwa mihogo ya kuchemsha. Nyama yenyewe hugawanywa mafungu matatu, la nyumba, la jamaa na majirani, la maskini, na vijana hutumwa nayo kabla jua halijakuwa kali. Fungu la nyumba hulala ndani ya mtindi, tangawizi, kitunguu saumu na papai bichi lililosagwa. Papai bichi lina kimeng'enya kinachovunja ugumu wa nyama, na linataka mkono mwepesi, kwani likizidi au likikaa mno nyama hugeuka uji. Mpapai wa nyuma ya nyumba hauguswi na mtu wiki nzima ile.

Jioni, basi, ni biriani. Alilichagua kwa sababu ambayo wageni hawaijui. Wengi wao wanatoka Mombasa, na kivuko cha Likoni siku ya Idi hakina ahadi na mtu. Biriani ndicho chakula pekee cha heshima kinachoweza kuwangoja, kwa kuwa masala yako kwenye sufuria lake na wali kwenye lake, na masala kadiri yanavyokaa ndivyo yanavyokolea. Pilau huvumilia saa moja chini ya makaa. Wali wa nazi hauvumilii, kwani tui katika joto la pwani huchacha upesi, na uliopikwa mchana huna uhakika nao usiku. Samaki wa kupaka ataliwa akitoka motoni au asipikwe kabisa. Tangu barabara ya Dongo Kundu ifunguliwe na kuwatokeza watu Kibundani bila kupanda feri, hesabu imebadilika tena. Wenye magari huwahi, wa feri huchelewa, kwa hiyo sasa wali wa biriani huiva kwa awamu mbili.

Ustadi wa kuondoa ndio ninaoustahi kuliko wote. Wiki ya mwisho simu hazikatiki. Huyu anataka sambusa, yule viazi karai, mwingine kuku wa kukaanga, chapati, wali wa nazi juu ya biriani. Shangazi huwasikiliza wote kwa upole, kisha hurudi kwenye jambo moja: moto. Ana meko mawili ya kuni na jiko moja la gesi. Karai likikaa juu ya moto mmoja jioni nzima, sufuria moja limekosa nafasi. Kwa hiyo cha kukaanga ni kimoja tu, na kiwe ni kile kinachoweza kukaangwa alasiri, yaani kaimati, ambazo zikishatiwa sukari hazidai moto tena. Ana kanuni nyingine ambayo nyumba nyingi za jirani haziifuati, nami nimekuwa mfuasi wake: nazi haifuati nazi. Wali ukiwa wa nazi, mchuzi utakuwa wa ukwaju. Samaki akiwa wa kupaka, ataliwa na mkate au wali mweupe. Biriani likiwepo, kachumbari iwe na ndimu ya kutosha, achari ya embe iwe karibu, na kinywaji kiwe ukwaju. Anapanga ulimi upumzike wapi kabla ya tonge linalofuata.

Auguste Escoffier, mpishi Mfaransa aliyeishi kuanzia 1846 hadi 1935, aliheshimiwa duniani kwa kuligawa jiko la hoteli kuwa idara, kila idara na kazi yake, na kitabu chake cha 1903 bado kinasomwa. Heshima hiyo ni haki yake. Ningependa pia ijulikane kwamba Ng'ombeni kuna jiko la uani lenye idara. Kuchambua mchele hupewa binti mtulivu asiyechoka kutazama, kwa sababu jiwe moja kwenye tonge la mjomba linatosha kuharibu sifa ya siku. Kukuna nazi ni kwa wavulana wawili wenye nguvu, na wa tatu hukamua: tui zito chombo chake, tui jepesi chake, lisichanganywe. Vitunguu vya biriani hupewa aliyekwisha kukomaa, maana kati ya hudhurungi na kuungua ni muda wa kupepesa macho. Shangazi mwenyewe siku hiyo hapiki sana. Hupita, huonja, husogeza kuni.

Mei 2020, Mfungo Mosi uliangukia wakati Kwale, Mombasa na Kilifi zimefungiwa njia kwa ajili ya korona. Shangazi alipika sinia moja. Aliniambia kwa simu kwamba hajawahi kupata shida ya kupima kama siku ile, sufuria lilikuwa dogo mno kwa mkono wake. Bado alipanga kila kitu, hata achari.

Sikukuu zetu hazikai mahali pamoja. Kila mwaka husogea nyuma siku kumi hadi kumi na mbili, na katika miaka kama 33 huzunguka misimu yote. Ndiyo maana mpango mzuri wa mwaka huu hautamfaa baada ya miaka kumi. Miaka hii Mfungo Tatu unaangukia Mei na Juni, kusi limeshika, bahari ya Tiwi na Diani imechafuka na mashua ndogo hazitoki sana. Kwa hiyo samaki si wa kutegemea, lakini machungwa yameanza kuingia, na hayo ndiyo humaliza chakula baada ya biriani. Mfungo Mosi nao unakwenda kwenye kaskazi. Mwaka 2030 utaangukia mwanzoni mwa Februari, bahari ikiwa shwari, nguru na changu wakipatikana, maembe yakiwa mwisho wa msimu. Shangazi amekwisha kuufikiria. Mchana utakuwa wa pilau, amesema, lakini jioni anataka samaki wa kupaka juu ya makaa ya vifuu, kwa mkate, na achari iwe ya maembe ya mwaka huo huo. Ameniuliza kama najua mtu wa Tiwi anayeweza kuahidi nguru wa sinia kumi na mbili.